Kupanga volteji ya RAM kwenye BIOS bila kuunguza mashine

"Nimenunua RAM ya 3200, mbona mashine inasoma 2133?" "Lebo inasema 1.35V lakini BIOS inaonyesha 1.20V, nimeuziwa feki?" "Nikipandisha volteji kidogo, mashine itaongeza spidi?"

Maswali haya yanarudi kila mara, hasa kutoka kwa vijana wanaojiundia kompyuta ya kwanza kwa vifaa vya Kariakoo. Majibu wanayopewa kwenye magrupu mara nyingi ni ya kuwaingiza hasara: "weka 1.5 tu, itakubali." Usiweke 1.5 kwenye DDR4 (RAM ya kizazi cha nne) kwa sababu mtu ameandika hivyo. RAM ni ghali, ubao mama nao ni ghali, na ukiunguza prosesa hakuna duka litakalokurudishia.

Majibu mafupi ni haya. Hujauziwa feki. Volteji peke yake haiongezi spidi hata kidogo. Kazi yake ni kuiwezesha RAM kuhimili spidi uliyoipangia. Na wengi wenu hamtahitaji kuandika namba yoyote kwa mkono, kwa sababu namba sahihi tayari imo ndani ya RAM yenyewe na kazi yako ni kuiambia BIOS (programu ya msingi iliyo kwenye ubao mama, inayoiwasha mashine) iitumie.

Kwanza hakikisha jambo hili linakuhusu

Kama una laptopu, au zile kompyuta za ofisini zinazokuja mtumba kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, usihangaike kutafuta. Kwa kawaida BIOS za mashine hizo hazina sehemu ya kubadilisha volteji ya RAM. Ukiikosa si kwamba BIOS yako ni mbovu, na usiflashi BIOS ya mashine nyingine, yaani kuiandika juu ya yako, ukitumaini itatokea. Watu wameua mashine nzima kwa njia hiyo.

Kwa mashine hizo suala la volteji linamalizwa dukani, wakati wa kununua. DDR3 ya kawaida inatumia volti 1.5. DDR3L inatumia 1.35, na ile L ndiyo tofauti yenyewe. Zote mbili zinaingia kwenye sloti moja bila kulazimisha, na hapo ndipo watu wanapokosea. Laptopu nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 4 zinataka DDR3L peke yake. Ukiweka DDR3 ya 1.5 haiwaki, au inawaka na kuganda. Kinyume chake hakina shida: DDR3L imeundwa iweze kufanya kazi kwenye volti 1.5 pia, kwa hiyo inakubali kwenye mashine ya zamani. Ukiwa na shaka mbele ya muuzaji, chagua yenye L. Kwenye lebo nyingi DDR3L inaandikwa PC3L, na DDR3 ya kawaida PC3.

Mwongozo unaobaki ni wa kompyuta za mezani zenye ubao mama ulionunuliwa peke yake: ASUS, MSI, Gigabyte, ASRock na wenzao.

Mambo machache ya kuelewa kabla ya kugusa

DDR4 kwa kiwango chake cha msingi inatumia volti 1.2. DDR5 inatumia 1.1. Kila kijiti cha RAM kina chipu ndogo inayobeba taarifa zake, inaitwa SPD, na ubao mama ukiwaka unaisoma kisha unachagua spidi ya msingi iliyo salama. Ndiyo maana RAM iliyoandikwa 3200 kwa 1.35V inaanza na 2133 au 2400 kwa 1.2V. Spidi ile kubwa imehifadhiwa humo humo kama profaili ya pili inayosubiri uiwashe. Kwa Intel profaili hiyo inaitwa XMP. Kwa DDR5 za AMD inaitwa EXPO. Kwenye bao za ASUS za AMD zinazotumia DDR4 utaikuta kwa jina la DOCP, na kwenye MSI utaona A-XMP. Kazi ni moja: inapanga spidi, taimingi (muda RAM inaosubiri kabla ya kujibu) na volteji kwa pamoja.

Inatosha. Tuandae vitu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Jina kamili la ubao mama, limechapwa kwenye ubao wenyewe. Kwa jina hilo pakua kitabu chake cha maelekezo kutoka tovuti ya mtengenezaji. Usikiruke, ndicho kitakachokuonyesha mahali pa kufuta BIOS mambo yakigoma.

Picha ya lebo ya kila kijiti cha RAM, pande zote.

Flashi tupu utakayoweka MemTest86, programu ya kupima RAM. Toleo la bure linatosha.

Bisibisi, na simu yenye chaji ya kupigia picha skrini.

Nakala ya mafaili yako muhimu kwenye diski nyingine. RAM isiyotulia inaweza kuharibu faili wakati Windows inaliandika, na hutajua mpaka siku unalolihitaji.

Umeme wa uhakika. Angalia uniti za LUKU zinazobaki kabla hujaanza, kwa sababu jaribio litakula saa nyingi. UPS ni bora kabisa. Kama huna, usianze siku ambayo mtaa wenu umeme unakatika na kurudi. Kukatika kwa umeme ukiwa unabadilisha mipangilio mara nyingi hakuui ubao, lakini kukikutokea katikati ya kuflashi BIOS unaweza kuishia kwa fundi. Hizo ni kazi mbili tofauti, usizifanye usiku mmoja.

Hatua za kazi

1. Soma lebo na uandike. Unatafuta vitu vitatu: aina (DDR4 au DDR5), spidi, na volteji. Mfano: DDR4-3200, 16-18-18 (hizo ni taimingi), 1.35V. Kama lebo imechanika au unahisi imebandikwa juu ya nyingine, washa mashine, fungua programu ya CPU-Z, nenda kwenye kurasa ya SPD. Pale utaona jina la mtengenezaji, spidi za profaili zote na volteji ya kila moja. Lebo hubandikwa na mtu yeyote. SPD ni ngumu zaidi kudanganya. Kwa RAM za mtumba mimi huamini SPD kuliko karatasi.

2. Tazama inavyofanya kazi sasa. Kwenye Windows fungua "Task Manager", ingia "Performance", kisha "Memory". Usishtuke ukifungua ukurasa wa "Memory" wa CPU-Z ukakuta 1600 wakati RAM yako ni 3200. DDR husafirisha data mara mbili kwa kila mpigo, kwa hiyo CPU-Z inaonyesha nusu. Zidisha kwa mbili.

3. Hakikisha vijiti viko kwenye sloti sahihi. Ubao wenye sloti nne na wewe una vijiti viwili: kwa kawaida ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu chako kitathibitisha. Wengi wanapandisha volteji kutibu tatizo ambalo lingeisha kwa kuhamisha kijiti sloti moja. Zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha keisi, ndipo ushike RAM kwa kingo zake.

4. Shughulikia BitLocker. Hatua hii watu hawaambiwi, na inaliza. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda data) au kwa kile Windows inakiita "Device encryption", mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48 mashine ikiwaka. Tafuta ufunguo huo kwenye akaunti yako ya Microsoft sasa hivi, uandike kwenye karatasi. Bila huo unaweza kupoteza data yako.

5. Ingia BIOS. Zima na uwashe upya huku ukigonga Delete mfululizo. Baadhi ya bao hutumia F2. Kama Windows inakupita kwa kasi, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi uandike: shutdown /r /fw /t 0. Mashine itajizima na kukupeleka BIOS yenyewe.

6. Piga picha kabla ya kubadilisha. Pita kurasa zote za mipangilio, piga kila moja. Zingatia hasa ukurasa wa diski (AHCI au RAID) na ule wa kuwasha mfumo (UEFI au Legacy). Utaelewa sababu mbele.

7. Washa profaili. Ukikuta ukurasa mwepesi wenye picha na grafu, mara nyingi XMP au EXPO iko hapo hapo mbele. La sivyo ingia ukurasa wa kina: ASUS na MSI ni F7. Kwenye ASUS tafuta "Ai Tweaker", MSI "OC", Gigabyte "Tweaker", ASRock "OC Tweaker". Chagua profaili ya kwanza. Kabla hujatoka, shuka chini usome namba iliyojiandika kwenye volteji ya DRAM. Ilingane na lebo. Ikilingana, bonyeza F10, kubali.

8. Subiri. Hapa ndipo vijana wanapopaniki. Ubao ukipokea mipangilio mipya unaanza kujifunza upya namna ya kuongea na RAM. Skrini inabaki nyeusi, mashine inaweza kujizima na kujiwasha yenyewe. Kwa DDR4 ni muda mfupi. Kwa DDR5, hasa ukiwa na giga nyingi, inaweza kuchukua dakika kadhaa. Usichomoe umeme. Weka chai, kaa, ipe hata dakika kumi na tano kabla hujaamua kuwa imekwama.

9. Pima. Windows kuwaka si ushahidi wa kitu chochote. Washa mashine kwa ile flashi ya MemTest86 uiache imalize mizunguko yake minne. Kosa moja tu, hata moja, maana yake mipangilio haijatulia. Hakuna "kosa dogo" kwenye RAM.

Na kwa hapa Dar es Salaam nakuomba uzingatie joto. RAM ikipata moto inapoteza uvumilivu, na DDR5 ndiyo dhaifu zaidi kwa hilo. Mashine iliyofaulu usiku ndani ya chumba chenye AC inaweza kuanza kuganda saa nane mchana mwezi wa pili, feni ikizungusha hewa ya moto ile ile. Pima katika hali utakayoitumia kweli. Kama chumba chako cha Tabata hakina AC, pima mchana, kava la keisi likiwa limefungwa.

Ikifaulu, umemaliza. Usiendelee na hatua ya 10 kwa ajili ya kujaribu tu. Hizo hapa chini ni za mtu ambaye profaili imefanya makosa, au ubao wake umesoma volteji vibaya.

10. Tafuta mstari wenyewe wa volteji. Kwenye DDR4 unaitwa "DRAM Voltage". Kwenye DDR5 ni mistari miwili, VDD na VDDQ, na mara nyingi profaili huipa namba moja. Badilisha "Auto" uandike namba kamili pamoja na nukta: 1.350. Soma tena ulichoandika kabla ya kubonyeza Enter. Bao nyingi hugeuza rangi ya namba kuwa ya njano au nyekundu inapoanza kuwa kubwa mno. Ukiona nyekundu, umekosea, rudi.

11. Panda kidogo kidogo. Anza na namba ya lebo. Kama bado kuna makosa, ongeza 0.01 au 0.02, hifadhi, pima upya kwa MemTest86. Kwa anayeanza, mpaka wangu kwa DDR4 ya 1.35V ni 1.40V. Ukifika hapo na makosa yapo, tatizo si volteji, na kuongeza hakutakusaidia. Kwa DDR5 baki kwenye namba ya profaili, ambayo kwa kawaida iko kati ya 1.25 na 1.40. Kwa DDR3 fuata lebo, iwe 1.5 au 1.65. Intel wenyewe, wakati wa Core i7 za kwanza, walionya kuwa RAM ya kuzidi 1.65V inaweza kuharibu prosesa, kwa sababu kidhibiti cha RAM kilishahamia ndani ya prosesa. Hilo mpaka leo ni kweli: volteji ya RAM unayoizidisha haichomi RAM peke yake.

12. Andika mipangilio iliyofaulu kwenye karatasi, ubandike ndani ya kava la keisi. Bao nyingi pia zina sehemu ya kuihifadhi kama profaili ndani ya BIOS. Fanya yote mawili.

Mistari usiyopaswa kuigusa

Ukurasa huo huo una volteji nyingine nyingi, zimepangwa jirani, na baadhi majina yanafanana. "CPU Core Voltage" au "Vcore" ni ya prosesa. VPP ni laini nyingine ya RAM, 2.5V kwenye DDR4 na 1.8V kwenye DDR5. Mtu akiiona 2.5 anadhani imekosewa na kuishusha. Iache. VTT iko nusu ya volteji ya RAM, na inajipanga yenyewe. VCCIO, "System Agent" na "SoC" ni za kidhibiti kilicho ndani ya prosesa.

Hiyo SoC iheshimu kwa namna ya pekee. Mwaka 2023 prosesa kadhaa za Ryzen 7000 ziliungua pamoja na soketi zake, na AMD wakatoa BIOS mpya zinazozuia SoC isivuke 1.3V. Kama una ubao wa AM5 (soketi ya Ryzen 7000) wa wakati ule na hujawahi kusasisha BIOS, sasisha kwanza, siku yenye umeme wa uhakika, ndipo uwashe EXPO.

Mambo yakigoma

Skrini nyeusi baada ya kusubiri vya kutosha. Zima kabisa, washa tena. Bao nyingi zikishindwa mara kadhaa hurudi zenyewe kwenye mipangilio ya kiwandani. Isiporudi, futa BIOS. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili kumaliza umeme uliobaki. Kisha tafuta pini mbili zilizoandikwa CLRTC, CLR_CMOS au JBAT1 kulingana na ubao, uziunganishe kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde kumi. Kama huzioni, toa betri ile ya duara kwa dakika chache uirudishe. Usifanye haya waya ukiwa umechomekwa.

Imewaka lakini haioni diski, au Windows inaleta skrini ya bluu mara moja. Diski haijafa. Kufuta BIOS kumerudisha AHCI au RAID, UEFI au Legacy, kwenye hali tofauti na ile iliyotumika kuweka Windows. Fungua picha ulizopiga hatua ya 6, rudisha kama zilivyokuwa. Usikubali mtu akuwekee Windows upya kabla hujajaribu hili.

XMP imewashwa lakini spidi haivuki 2666. Huenda ni ubao, wala si volteji. Bao za Intel kama H310, B360, H410 na B460 zina kikomo cha spidi ya RAM kinachotegemea prosesa. Ukiwa na i5 juu yake, mwisho ni 2666. Intel waliruhusu bao za daraja la B kupita hapo kuanzia B560, mwaka 2021. Ukiongeza volteji kwenye H410 unaongeza joto bure.

Mipangilio inapotea kila umeme ukikatika, na saa inarudi nyuma. Betri ya ubao imekwisha. Ni CR2032, ya volti 3, inauzwa hata kwenye maduka ya saa. Badilisha, panga tarehe, washa profaili upya.

Inafaulu siku kadhaa kisha skrini ya bluu inarudi. Shusha spidi kabla ya kupandisha volteji: kutoka 3200 nenda 3000, au 2933. Tofauti hutaiona kwa macho, na mashine itatulia. Kama una vijiti vinne, au viwili vya kampuni tofauti vilivyonunuliwa nyakati tofauti, hiki ndicho kiini mara nyingi. Tumia volteji na spidi ya kile kilicho dhaifu kuliko vyote. Na ukiwa bado hujanunua, nunua pakiti moja yenye vijiti viwili.

Makosa yanaonekana hata kwenye mipangilio ya kiwandani, profaili ikiwa imezimwa. Kwanza toa vijiti, safisha meno yake ya dhahabu kwa kitambaa laini chenye spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, acha ikauke, puliza vumbi kwenye sloti. Wanaokaa karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, wasiruke hili. Hewa ya chumvi na unyevu vinakula sehemu za kuunganishia. Kisha pima kijiti kimoja kimoja kwenye sloti ile ile. Kinacholeta makosa kikiwa peke yake, huku kingine kikifaulu pale pale, ni kibovu, na hakuna volteji itakayokiponya. Piga picha ya skrini ya MemTest86 inayoonyesha makosa, chukua risiti, kirudishe dukani kabla muda wa garantii haujaisha. Wakikuambia "ongeza volteji kidogo", waonyeshe kuwa makosa yametokea hata kwenye mipangilio ya kiwandani, profaili ikiwa imezimwa.